Kuunda kompyuta ya kuhariri video: Intel mpya, Ryzen, au wekstesheni ya mtumba?

Wapiga video wengi wanaojitegemea Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hufika mahali pamoja: kamera imebadilishwa, kazi za harusi na makongamano zimeongezeka, lakini kompyuta ni ileile, na klipu za kamera mpya zinakwama kwenye taimulaini hata kabla rangi haijaguswa. Ukiulizia dukani utaambiwa ununue prosesa ya Intel kwa sababu ya Quick Sync, sehemu yake maalumu ya kusoma video kwa haraka. Ukimwuliza kijana anayecheza gemu ataisifia Ryzen, prosesa ya AMD. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue naye atakuonyesha wekstesheni ya mtumba, yaani kompyuta ya ofisini ya kazi nzito, yenye Xeon (prosesa ya Intel ya seva na wekstesheni) ya viini 14, na atakuuliza kwa nini utupe pesa kwenye vitu vipya. Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja anaitetea mashine yake kabla ya kujua unahariri faili la aina gani.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo tatu kwa vigezo vilevile. Njia ya kwanza ni prosesa mpya ya Intel yenye grafiki za ndani, kwa mfano Core i5-14600K iliyotoka 2023 au Core Ultra 7 265K iliyotoka 2024. Njia ya pili ni prosesa ya AMD ya tundu la AM5 (sehemu ya ubao inayoishika prosesa), kwa mfano Ryzen 7 9700X au Ryzen 9 9900X, zote za 2024, ikisaidiwa na kadi ya grafiki ya NVIDIA ya mfululizo wa RTX 50. Njia ya tatu ni wekstesheni iliyotumika maofisini, kama HP Z440 au Dell Precision T5810, ambayo mnunuzi huiongezea RAM, SSD na kadi ya grafiki. Mac mini imeachwa nje kwa sababu huiundi wewe wala huwezi kuiongezea RAM baadaye, ingawa anayeitaka hana haja ya kuionea aibu.

Vigezo na uzito wake

Kigezo cha kwanza ni kama maunzi ya kompyuta yanaweza kulisoma moja kwa moja faili la kamera yako. Cha pili ni programu unayotumia, kwa kuwa DaVinci Resolve na Premiere Pro haziugawi mzigo kwa namna moja. Cha tatu ni nguvu ya prosesa na kadi ya grafiki wakati wa kusahihisha rangi na kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Cha nne ni RAM na diski, cha tano ni umeme na joto, na cha sita ni uwezekano wa kupanua kompyuta au kupata kipuri kikiharibika. Vigezo hivi havina uzito sawa. Ninakipa cha kwanza nafasi kubwa kuliko vyote, kwa sababu anayehariri hutumia saa nyingi zaidi akikata na kusogeza klipu kuliko akisubiri kurenda, na kukwama kwa klipu hakuponywi na viini vingi pekee.

Faili la kamera

Kodeki, yaani njia za kubana video, za H.264 na H.265 hupunguza ukubwa wa faili kwa kuhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu zinazofuata huhifadhi mabadiliko tu. Mpango huo unafaa sana kwa kadi ya kumbukumbu ya kamera, lakini unamtesa mhariri: ukisimama katikati ya klipu, kompyuta inalazimika kurudi hadi fremu nzima iliyotangulia na kukokotoa kuja mbele ili ikuonyeshe picha moja. Ndiyo maana prosesa na kadi za kisasa zina sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo peke yake. Sehemu hiyo ikiielewa kodeki yako, klipu za 4K hutembea vizuri hata kwenye prosesa ya kawaida. Isipoielewa, mzigo wote unaangukia viini vya prosesa.

Tofauti kubwa imo kwenye namba tatu ambazo wauzaji wengi hawazitaji. Video ya 4:2:0 hufanya pikseli nne zigawane taarifa moja ya rangi, na video ya 4:2:2 hufanya pikseli mbili zigawane. Simu nyingi na droni nyingi za DJI hutoa 4:2:0, iwe ya biti 8 au 10, na hiyo inasomwa na karibu kila kadi ya grafiki ya miaka ya karibuni. Lakini Sony A7 IV, A7S III na FX3 zinaweza kurekodi 4:2:2 ya biti 10, na Canon EOS R6 hurekodi H.265 ya 4:2:2 biti 10 unapowasha Canon Log. Hapo ndipo njia tatu zinapoachana.

Kwa njia ya kwanza, Quick Sync ya prosesa za mezani za Intel, kuanzia kizazi cha 11 cha 2021, husoma H.265 ya 4:2:2 biti 10 bila msaada wa kadi yoyote ya ziada. Hii ndiyo sababu Intel ilipendwa na wahariri kwa miaka kadhaa, na sifa hiyo haikuwa ya bure. Hata hivyo ina mipaka miwili. Kwanza, Quick Sync ya kizazi cha 14 haisomi H.264 ya 4:2:2 biti 10, ambayo baadhi ya kamera za Sony na Panasonic huitoa. Ikikutana nayo, kazi inarudi kwenye viini. Pili, prosesa zenye herufi F mwishoni, kama i5-14600KF, hazina grafiki za ndani kabisa, hivyo hazina Quick Sync. Tofauti ya bei kati ya K na KF huwa ndogo, nayo huwashawishi wengi. Kwa mhariri, KF ni punguzo linaloondoa kitu chenyewe alichokuja kukinunua.

Kwa njia ya pili, grafiki ndogo zilizomo ndani ya Ryzen 9000 hazisomi 4:2:2, kwa hiyo kila kitu kinategemea kadi. Kadi za RTX 20, 30 na 40 nazo haziisomi 4:2:2, jambo la kushangaza kidogo kwa sababu zinaisoma H.265 ya 4:4:4 ambayo karibu hakuna kamera ya kawaida inayoitoa. Mfululizo wa RTX 50, uliozinduliwa Januari 2025, ndio ulioziba pengo hilo, na unasoma 4:2:2 ya H.264 na ya H.265 pia. Kwa maneno mengine, Ryzen yenye RTX 5060 inapokea aina nyingi zaidi za mafaili kuliko Intel pekee, ilhali Ryzen ileile yenye RTX 4060 itahangaika na klipu ambazo i5 isiyo na kadi inazicheza bila shida.

Kwa njia ya tatu, Xeon E5 hazina grafiki za ndani. Kadi zinazokuja nazo mara nyingi ni Quadro za zamani, na K2200 kwa mfano haiisomi hata H.265 ya kawaida kwa maunzi. Wekstesheni hiyo basi ni kasha, prosesa na RAM tu hadi uiwekee kadi ya maana. Ukiiwekea RTX 50 itasoma 4:2:2 sawa na njia ya pili. Wapo pia wanaotumia Intel Arc A380, kadi ndogo ya wati 75 inayosoma H.265 ya 4:2:2, ingawa Intel yenyewe inashauri kadi za Arc zitumike kwenye kompyuta zenye Resizable BAR, kipengele cha prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, ambacho mashine hizi kongwe hazikuja nacho.

Kabla ya kuendelea, fungua klipu yako moja kwa programu ya bure ya MediaInfo, uangalie kodeki, idadi ya biti na kama imeandikwa 4:2:0 au 4:2:2. Ukikuta 4:2:0, sehemu kubwa ya mabishano haya haikuhusu, na uchaguzi wako utaamuliwa na bei, umeme na programu.

Kuna njia mbili za kukwepa tatizo lenyewe. Ya kwanza ni proksi: Premiere na Resolve zote zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za klipu, ukahariri nazo, kisha ukarenda kutoka kwenye mafaili halisi. Anayeweza kuiacha mashine itengeneze proksi usiku hahitaji kugombania 4:2:2, lakini anayepaswa kuonyesha video ya harusi ukumbini usiku uleule hana muda huo. Ya pili ni kubadili mpangilio wa kamera. Sony ina XAVC S-I, ambamo kila fremu inajitegemea; mafaili ni makubwa, yakifikia megabiti 250 kwa sekunde kwa 4K ya fremu 25, lakini ni mepesi zaidi kukokotoa.

Programu

DaVinci Resolve hutegemea sana kadi ya grafiki. Rangi, kupunguza chenga, na Fusion (sehemu yake ya madoido ya picha) vyote vinapita huko, na kumbukumbu ya kadi ikijaa, Resolve husimama na kukuambia hivyo bila kukubembeleza. Kwa HD na 4K nyepesi GB 8 zinatosha. Kwa anayepunguza chenga kwenye picha za ukumbi wenye mwanga hafifu, GB 12 au 16 ni salama zaidi. RTX 3060 ya GB 12, ingawa ni ya 2021, bado ina maana kwa Resolve kuliko kadi mpya ya GB 8, mradi klipu zako si za 4:2:2. RTX 5060 Ti ya GB 16 inaunganisha sifa zote mbili, ila uhakikishe huuziwi ile ya GB 8 yenye jina lilelile.

Kwa Premiere Pro, prosesa na sehemu ya kusoma kodeki zina uzito mkubwa zaidi, na hapo Intel yenye Quick Sync inaweza kuanza kazi hata kabla hujapata pesa ya kadi kubwa. After Effects ina njaa ya RAM na hupenda kiini chenye kasi. Kwa sababu hiyo Xeon za zamani huonekana dhaifu zaidi ndani yake kuliko ndani ya Resolve.

Gharama ya programu nayo ni sehemu ya bajeti. Resolve ya bure inarenda hadi 4K ya 3840 kwa 2160, lakini matumizi kamili ya viharakishi vya maunzi yamo kwenye toleo la Studio, linalouzwa dola 295 mara moja. Premiere na After Effects, za Adobe, hulipwa kwa mwezi au mwaka. Anayefikiria kutumia Linux ili kuirefusha maisha mashine ya zamani ajue kwamba Resolve ya bure kwenye Linux haisomi kabisa H.264 wala H.265, na kwamba Premiere haipo huko.

Prosesa na kurenda

Core i5-14600K ina viini 14, sita vya nguvu na vinane vya kubana matumizi, na nyuzi 20, yaani kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja. Core Ultra 7 265K ina viini 20, vinane kwa 12. Ryzen 7 9700X ina viini vinane na nyuzi 16, na Ryzen 9 9900X ina viini 12 na nyuzi 24. Xeon E5-2690 v4 ya 2016 ina viini 14 na nyuzi 28, na ndiyo namba ambayo muuzaji ataitaja kwanza.

Kulinganisha viini hivyo kwa kuvihesabu ni kujidanganya. Kasi ya kuanzia ya E5-2690 v4 ni GHz 2.6, na usanifu wake ni wa vizazi vingi nyuma, hivyo kiini chake kimoja hakikaribii kiini kimoja cha Ryzen 9000 au cha nguvu cha Intel. Ndani ya wekstesheni zenyewe, E5-1650 v4 yenye viini sita tu lakini kasi ya GHz 3.6 hadi 4.0 mara nyingi huwa na wepesi zaidi mkononi mwa mhariri kuliko ndugu yake wa viini 14, isipokuwa kazi kubwa ya siku ni kurenda kwa prosesa. Kati ya Intel na Ryzen mpya, tofauti ya kurenda haipaswi kumnyima mtu usingizi. Kwa daraja moja la bei zinakaribiana kiasi kwamba kadi ya grafiki na RAM ndizo zitakazoamua.

Suala moja la Intel linastahili kutajwa waziwazi. Prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14, ikiwemo 14600K, zilikuwa na kasoro ya volteji iliyoweza kuzichakaza hadi kompyuta ikaanza kuzima au programu kufunga ghafla. Intel ilitoa marekebisho ya BIOS, programu ya ndani ya ubao, mwaka 2024, ya mwisho kati ya yale makuu yakiwa 0x12B ya Septemba, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Prosesa mpya kwenye ubao wenye BIOS ya sasa haina sababu ya kuogopwa. Prosesa ya mkono wa pili ya vizazi hivyo, ambayo hujui iliendeshwaje kabla ya marekebisho, mimi nisingeinunua. Core Ultra 200, familia ya 265K, haimo kwenye tatizo hilo.

RAM na diski

Kwa 4K, GB 32 ni mahali pa kuanzia, na GB 64 zinampa nafasi anayefungua After Effects na Premiere kwa pamoja. Ryzen ya AM5 na Core Ultra 200 zinatumia DDR5 pekee. Tundu la LGA1700 la 14600K lina mbao za DDR4 na za DDR5, hivyo mwenye DDR4 nzima kutoka kompyuta yake ya zamani anaweza kuihamisha. Hilo si jambo dogo tangu bei za RAM zilipopanda kwa kasi mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeukia mahitaji ya vituo vya akili mnemba. Ulizia bei ya RAM kwanza, ndipo uchague ubao. Miaka iliyopita utaratibu ulikuwa kinyume.

Wekstesheni zina heshima yake hapa. Z440 ina nafasi nane za RAM na inafika GB 128. Lakini inatumia DDR4 ya kiseva, ile ya ECC yenye rejista, ambayo haitafanya kazi kwenye ubao wa kawaida wa Intel wala Ryzen siku utakapohama. Utakapoiuza, utaiuza pamoja na mashine.

Kuhusu diski, hesabu ni rahisi kuliko matangazo. Klipu ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde na hujaza GB 45 kwa saa. XAVC S-I ya megabiti 250 hujaza GB 112 hivi kwa saa. SSD ya SATA yenye megabaiti 500 kwa sekunde inaweza kucheza klipu kadhaa za namna hiyo kwa pamoja, kwa hiyo NVMe (SSD ya kasi zaidi inayochomekwa kwenye ubao) ya megabaiti 7,000 si lazima kwa mhariri wa kawaida. Kinacholipa zaidi ni kutenganisha diski: moja ya mfumo na programu, nyingine ya kazi inayoendelea, na diski kubwa ya kawaida ya kuhifadhia zilizokwisha. Mbao mpya za Intel na AMD zina nafasi za M.2 kwa hilo. Z440 huhitaji adapta ya PCIe, na BIOS yake isasishwe kwanza ikiwa unataka mfumo uwake kutoka humo.

Umeme na joto

Kwenye miji ya pwani, na popote umeme unapopanda na kushuka, kigezo hiki kina uzito ambao makala za Ulaya hazikipi. Core Ultra 7 265K inaweza kuvuta hadi wati 250 ikishinikizwa, 14600K hadi 181. Ryzen 7 9700X imepangiwa wati 65 na 9900X wati 120, ingawa zote mbili huvuka namba hizo zikiwa kazini. Xeon za wekstesheni ziko kwenye 135 au 140. Kwenye kadi, RTX 5060 ni wati 145, RTX 3060 ni 170 na RTX 5060 Ti ni 180. Mashine inayovuta wastani wa wati 300 kwa saa nane hula uniti 2.4 kwa siku, na mwenye studio inayotegemea LUKU au tokeni anaweza kujifanyia hesabu ya mwezi.

Kwa upande huu 9700X ndiyo yenye nidhamu zaidi, na katika chumba kisicho na kiyoyozi hilo linasikika kwenye kelele za feni. Intel inaweza kubanwa kwa kupunguza kikomo cha wati kwenye BIOS, na hasara yake katika kurenda huwa ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wekstesheni zina feni nzuri na kasha lililofikiriwa, ila zimekaa miaka na vumbi. Mafuta ya kupoza prosesa yabadilishwe kabla ya kazi ya kwanza.

Chagua pawasaplai ya kampuni inayojulikana yenye wati 650 hadi 750 na alama ya 80 PLUS, na usikubali ile inayokuja bure na kasha. UPS nayo isomwe kwa wati, si kwa VA, kwa kuwa iliyoandikwa 1000VA mara nyingi hutoa wati 600 tu. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kurenda wakati umeme umekatika ni kazi ya jenereta au inveta.

Kupanua na vipuri

AM5 ilianza 2022, na AMD imeahidi kuiunga mkono hadi 2027 na kuendelea, hivyo anayenunua 9700X leo ana nafasi ya kuweka prosesa kubwa zaidi juu ya ubao uleule. LGA1700 imefika mwisho wa safari yake. Anayenunua Core Ultra ya LGA1851 ainunue kwa inachofanya sasa, asiinunue kwa matumaini ya kizazi kijacho. Vipuri vya njia hizi mbili vinafanana na vinapatikana: pawasaplai, feni na kasha ni vya kipimo cha kawaida, na kisichopatikana Nairobi au Dar es Salaam huagizwa Dubai.

Wekstesheni ni habari nyingine. Pawasaplai ya Z440 ya wati 700 ina umbo na viunganishi vya HP wenyewe. Ikiungua, ya dukani haiingii hivihivi, na utatafuta mashine nyingine ya aina hiyo uing'oe yake. Kadi za RTX 5060 na 5060 Ti hutumia njia nane za PCIe, na kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 upana wake unapungua, ingawa kwa kuhariri athari si kubwa. Zito zaidi ni mfumo: Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon E5 v3 na v4 hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Watu huisakinisha kwa mlango wa nyuma na inafanya kazi, lakini mwenye kazi za wateja anapaswa kujua kwamba hana ahadi ya yeyote.

Kwa hiyo, kwa hali gani

Ikiwa unatumia Premiere, kamera yako inatoa H.265 ya 4:2:2, na pesa ya kadi kubwa haijapatikana, anza na Intel yenye grafiki za ndani na uongeze kadi baadaye. Ukiwa na DDR4 nzuri mkononi, 14600K kwenye ubao wa DDR4 inakupunguzia gharama kubwa. Ikiwa kazi yako ni Resolve, rangi na kupunguza chenga, bajeti iegemee kwenye kadi: Ryzen 7 9700X na RTX 5060 Ti ya GB 16 ni mpangilio unaoeleweka, na prosesa inaweza kukuzwa baadaye. Ikiwa una klipu za H.264 za 4:2:2 biti 10, kinachotafutwa ni RTX 50, iwe juu ya Intel au juu ya Ryzen.

Mwanafunzi, kanisa au msikiti unaoanza kurekodi mihadhara, au studio inayotaka mashine ya pili ya kutengeneza proksi na kurenda usiku, anaweza kupata thamani kubwa kwenye wekstesheni, hasa kama video zake ni 4:2:0 na kadi atakayoiweka inaweza kuhamishiwa kompyuta nyingine baadaye. Kwa mhariri ambaye mashine ni moja tu na mteja ana tarehe, hatari ya pawasaplai isiyopatikana na Windows isiyo na msaada ni kubwa kuliko akiba aliyoipata.

Kama mpiga video ni wa simu na droni peke yake, yoyote kati ya hizi itamfaa, na pesa iliyobaki iende kwenye skrini yenye rangi za kuaminika na diski ya nakala ya akiba. Na kwa njia yoyote ile, nenda dukani na SSD ndogo yenye klipu zako mwenyewe, zile nzito za kamera mbili au tatu, uombe zichezwe kwenye mashine inayofanana na unayotaka kuiunda kabla hujatoa malipo ya awali.